Ng'ombe wa Mama na Diski ya Ofisi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya haki na amani ya kanisa, mjini Kericho. Ukisikia jina hilo utadhani tulikuwa na jengo. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, na nguo zangu za kazini zilinuka dawa ya kupe hata baada ya kufuliwa. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kisii, mzee mpole aliyevaa koti la sufu mwaka mzima. Mimi nilikuwa binti wa mkulima mdogo wa chai kutoka upande wa Bomet. Kila saa nane mchana mvua ilinyesha juu ya mabati, na tuliacha kuzungumza mpaka ipungue.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya watu waliochomewa nyumba. Wakati ule wa kuchomana, miaka miwili mitatu nyuma, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walikuwa wamegeukiana kwa mishale, na serikali ilikuwa imesema hakuna kitu, ni ugomvi wa mashamba. Basi watu walikuja mmoja mmoja, wakaketi kwenye kiti cha mbao mbele yangu, wakasema walichokiona. Nilipiga taipu. Wengine walilia, wengine walisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Baada ya mwaka mmoja niligundua kwamba nami nilikuwa nimeanza kusikiliza hivyo hivyo, na ninaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwanzoni karatasi zilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Mara mbili walikuja watu wa usalama, wakang'oa kufuli kwa bisibisi, wakabeba mafaili. Mara ya pili mkubwa alishuka mjini akanunua kufuli kubwa zaidi. Nilimwangalia akilifunga, nikataka kucheka, nikaacha, maana hata yeye alijua halitazuia bisibisi.

Kisha ikaja kompyuta. Ilitumwa na kanisa rafiki la ng'ambo, pamoja na mgeni mmoja kijana mwenye nywele ndefu aliyekaa nasi siku tano kunifundisha. Siku ya tatu alitoa diski moja kwenye mfuko wa shati. Alisema humo ndani mna programu ya kufunga maandishi: unaandika, unayafunga, na anayefungua bila maneno ya siri haoni ila takataka. Polisi hawawezi kuyafungua. Serikali haiwezi, hata ile ya kwao. Akasema kwao programu hiyo imewekwa katika orodha moja na mizinga na bunduki, na kuipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa.

"Na wewe ulipitaje uwanja wa ndege na bunduki?" mkubwa akamuuliza.

Kijana alicheka akagusa mfuko wa shati lake. Mkubwa hakucheka. Alikuwa amefungwa miezi minne zamani kwa kukutwa na karatasi mbili zilizochapwa za kuipinga serikali, na alijua mfuko wa shati unaweza kumfikisha mtu wapi.

Mgeni alinipa masharti. Usichague jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Chagua maneno mengi, yawe na mpangilio, yawe kitu ambacho hutakisahau hata ukiwa na malaria kali. Usiyaandike popote. Mkubwa alisema yeye hataki kuyajua kabisa, maana asichokijua hawezi kukisema. Kwa hiyo yalibaki kwangu peke yangu.

Niliweka ng'ombe wa mama.

Ngoja nieleze. Mama yangu alipoolewa, babake alimpa mtamba mmoja. Mtamba huyo alizaa, na binti yake akazaa, mpaka kufikia yule aliyekuwa zizini wakati huo, wa saba katika mstari huo. Kwetu ng'ombe wa nyumbani ana jina na ana ukoo. Mimi niliyajua majina ya wale wa mwanzo kabla sijaijua sala ya Baba Yetu, maana ndimi niliyekuwa nikichunga ndama, na mama aliniimbia majina hayo akikamua. Niliyapanga kuanzia wa kwanza hadi wa saba, bila nafasi kati yake, nikayaandika mara mbili kama programu ilivyotaka. Nilijiona mjanja sana. Nilifikiri: nani huko mjini, nani huko Nairobi, atawajua ng'ombe wa mama yangu?

Kitu cha kwanza cha maana nilichokifunga kwa majina hayo kilikuwa maelezo ya mama mmoja wa Chepilat, soko lililo mpakani na upande wa Kisii.

Alikuwa muuza ndizi pale sokoni, mjane, wa jamii ya upande wa pili wa mpaka. Tulikuwa tumemwomba azungumze mara tatu akakataa. Alipokuja mwishowe alikuja bila kuitwa, na ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi, akaketi. Alichokuwa nacho si kama cha wengine. Wengine waliona moto na vijana wasiowajua. Yeye alimwona naibu wa chifu, mtu wa pale pale, akitembea mbele ya vijana hao na mwavuli uliokunjwa, akiwaonyesha kwa ncha ya mwavuli nyumba za kuchomwa na nyumba za kuruka. Yake ilikuwa ya tatu. Na naibu huyo wa chifu alikuwa bado naibu wa chifu. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kibanda cha ndizi cha mama huyo. Kila asubuhi walisalimiana.

"Hii maneno nani ataona?" akaniuliza.

Nilimwonyesha kioo cha kompyuta. Nilifunga maelezo ya majaribio mbele yake, nikamwonyesha yalivyogeuka herufi za ovyo. Aliangalia kwa makini.

"Kwa hivyo ni nani anajua?"

"Ni wewe, mimi na Mungu," nikasema.

"Haya. Andika."

Wengine waliokuwa katika diski ile walikuwa wamekwishahama, wengine Nakuru, wengine kwa ndugu zao mbali. Yeye tu ndiye aliyekuwa bado pale pale. Kama diski ile ingefunguka, hakuna mwingine ambaye ingemgusa.

Haikupita hata miezi miwili. Barua ililetwa na askari kwa mkono: kila shirika lenye kompyuta lieleze lina mashine ngapi, zinatumiwa kwa kazi gani, na likabidhi maneno yoyote ya siri yanayotumika. Mkubwa aliiweka chini ya kikombe cha chai. Wiki iliyofuata akaja mwenye barua mwenyewe, ofisa wa usalama, mtu wa rika la kaka yangu mkubwa, viatu vimepakwa rangi vizuri na tope limepanguswa mlangoni. Alikuwa mtu wa kwetu. Nilijua kwa jinsi alivyotamka Kiswahili, na naye alijua kwa jinsi nilivyomjibu.

"Mzee," akamwambia mkubwa, "serikali haiwezi kukuwa na chumba kwa nyumba yake na haina kifunguo."

"Nyumba ya nani?" mkubwa akauliza.

Ofisa alitabasamu kana kwamba ameambiwa utani mzuri. Yeye na askari wake wakabeba kompyuta na diski zote, wakatuachia risiti. Nakumbuka risiti ile iliandikwa vizuri sana, na namba ya mashine imenakiliwa bila kosa hata moja.

Watu husema miaka hiyo uhuru ulikuwa umekuja. Vyama vilikuwa vingi, magazeti yalimtukana yeyote, ulevini mtu alisema atakalo. Sawa. Lakini ukitaka kuwakusanya watu ishirini waombee mvua ulihitaji kibali, na kibali kilikuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameenda semina. Hatukuonewa kila siku. Tulichoshwa kila siku. Nafikiri waliofikiria mpango huo walijua kwamba aliyechoka hahitaji kufungwa.

Siku kumi baadaye niliitwa kituoni peke yangu. Ofisa alikuwa ameikalisha kompyuta yetu juu ya meza yake, na kwenye kioo zile herufi za ovyo.

"Hii kitu yenu iko na takataka tupu, dada. Nisaidie."

Nikasema nimesahau maneno. Aliniuliza tena. Nikasema nimesahau. Niliketi kwenye benchi la korido kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni bila maji, na kila saa aliniita, akaniuliza, na nilisahau. Nilikuwa na hofu. Lakini jioni aliniacha niende, na njiani kuelekea stendi nilijisikia mrefu. Sijawahi kujisikia hivyo tena maishani. Sikumtaja mtu. Nilikuwa nimeshinda serikali, mimi, mpiga taipu.

Jumamosi iliyofuata nilienda nyumbani. Nilimkuta mama akirudi kutoka kituo cha kununulia majani ya chai, kikapu kitupu mgongoni, uso wake umechangamka.

"Mgeni wako alikuja Alhamisi," akasema.

Nilimuuliza mgeni gani. Akasema yule kijana wa serikali anayefanya kazi Kericho, anayenifahamu. Alifika saa nne asubuhi na mkate na kilo mbili za sukari. Hakuficha kazi yake. Alisalimia kama mtu aliyelelewa: akauliza habari za boma, habari za watoto, habari za ng'ombe, kwa mpangilio, bila haraka. Mama akamwekea mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, naye akanywa vikombe viwili akasifu jinsi kibuyu kilivyosuguliwa na mkaa. Halafu akasema anatafuta mtamba wa kununua, na amesikia wa nyumba hii ni wa damu nzuri. Akauliza mtamba huyu ni binti wa nani.

Na mama yangu akamwambia. Akamtajia mama wa mtamba huyo, na nyanya yake, na mama wa nyanya yake, mpaka kwa yule aliyepewa na babake siku ya kuolewa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa heshima namna ile. Sisi wanawe tulikuwa tumechoka kusikia.

"Aliandika kwenye kitabu chake," mama akasema. "Mnunuzi mwenye akili huandika. Ameoa?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Nilimuuliza kwa nini anamwambia mtu asiyemjua mambo ya nyumba yetu, hajui kwamba watu hawa ni hatari, hajui kwamba mimi niliitwa kituoni nikakaa siku nzima? Hakujua, maana sikumwambia. Alisimama pale na kikapu mgongoni akiniangalia.

"Ng'ombe si siri," akasema hatimaye. "Ukificha jina la ng'ombe watu watasema umemwiba."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa sote, na ofisa alifundishwa na mama kama wangu. Nilienda zizini nikalia huko kwa hasira, na mama akaja akasimama karibu nami bila kujua alichokosa. Hakuwa amekosa kitu. Aliyekosa ni mimi, niliyechukua kitu kinachotajwa mbele ya kila mgeni nikakifanya ufunguo.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilipanda gari mpaka Sotik, kisha Chepilat. Yule mama alikuwa kwenye kibanda chake akipanga ndizi, za kupika huku, mbivu kule. Alifurahi kuniona mpaka nilipofungua mdomo.

"Si ulisema imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa, mama. Wamepata maneno."

"Wamepata wapi? Si ulisema ni wewe tu na Mungu?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, ng'ombe na kila kitu, na nilipokuwa nikieleza niliona jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Alisikiliza akimpa mteja chenji, akaniambia niendelee.

"Toka hapa kwa muda," nikamwambia. "Nenda kwa ndugu yako. Ofisi itakupa nauli."

Aliangalia ng'ambo ya barabara. Ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa imefungwa, ilikuwa Jumapili.

"Niende wapi? Nilitoka mara ya kwanza, nikakaa kambi mwaka mzima, mtoto wangu akafia huko na kuhara. Ndizi zangu ziko hapa. Shamba yangu iko hapa." Kisha akasema, si kwa ukali, "Mimi sikutaka kusema, mwanangu. Ni nyinyi mlinibembeleza."

Nilinunua ndizi, nikarudi.

Jumatatu ofisa mwenyewe alituletea kompyuta yetu, kwenye Land Rover, na vijana wawili wakaipandisha ngazi kwa uangalifu. Alimwomba mkubwa sahihi. Mkubwa aliposhuka kuitafuta kalamu aliyoiacha dukani, ofisa alinigeukia akazungumza kwa lugha yetu.

"Usimkasirikie mama. Ni mtu mzuri."

Nilijifanya napanga karatasi mezani. Akaendelea:

"Wakubwa wangu walitaka tupeleke mashine Nairobi kwa wataalamu. Nikawaambia ngojeni. Mtu wa huku ukimwambia achague kitu ambacho hatakisahau, anaanzia zizini. Hata mimi ningeweka ng'ombe." Alisema hivyo kama jirani anayemwambia jirani kwamba ua wake una tundu. Naamini hakunichukia hata kidogo. Nilitamani angenichukia.

Mkubwa alirudi, akaweka sahihi, na akasikia kutoka kwangu yaliyotokea. Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Alisema kosa si langu. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba nilijua hatawahi kuniambia anachofikiri. Tuliandika barua mbili kwa watu wa sheria Nairobi. Majibu yalikuja: wanafuatilia.

Kisha, katikati ya wiki ya tatu, mvua ikiwa imeanza, yule mama wa ndizi akapanda ngazi zetu. Safari hii hakuwa peke yake. Naibu wa chifu alikuja naye. Hakuingia ofisini, alibaki nje kwenye kibaraza, akakung'uta mwavuli wake, akaukunja. Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Alinipungia mkono.

Yule mama aliketi kwenye kiti kile kile. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, imekunjwa mara nne.

"Wanasema hii ichapwe hapa, kwenu," akasema. "Kwa sababu ile ingine ilichapwa hapa. Nakala tatu."

Mkubwa alitoka chumbani kwake. Akamwambia kwamba si lazima, kwamba hakuna sheria inayomlazimisha, kwamba tunaweza kumpa mahali pa kukaa. Alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Mwalimu, wacha achape," akasema.

Niliweka karatasi na kaboni kwenye taipureta ya zamani, maana sikuweza kuigusa kompyuta. Nilichapa. Karatasi ilisema kwamba yeye, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, anakanusha maelezo ya awali. Kwamba siku hiyo hakumwona kiongozi yeyote. Kwamba nyumba yake iliungua kwa sababu alisahau stovu ya mafuta ya taa ikiwaka akaenda sokoni. Kwamba anaomba radhi kwa usumbufu. Mvua ilikuwa kubwa sasa. Nilipomaliza alitaka nimsomee, na nilisoma kwa sauti kubwa ili asikie, na nilijua kwamba aliyekuwa kibarazani alisikia pia.

Nilipofika kwenye stovu alininyamazisha kwa mkono. Akainama juu ya meza mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Mimi sijawahi kuwa na stovu," akasema polepole. "Napikia kuni. Kila mtu Chepilat anajua napikia kuni."

"Nifute?"

Alifikiria. Kwa kitambo niliona kwamba anafikiria kweli, kwamba neno hilo moja lilimuuma kuliko mengine yote.

"Wacha," akasema. "Stovu ni kitu ya watu wenye wako na pesa. Wacha wafikirie nilikuwa nayo."

Nilimsogezea kidau cha wino. Aliweka kidole gumba kwenye nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, akikibonyeza vizuri kila mara kama nilivyomwonyesha mimi mwenyewe, na nikampa kitambaa ajifute.